Sahani ya Mzungu wa Reli

Hata leo nikisikia mtu anakohoa mlangoni, namkumbuka Mzungu wa reli. Hakupiga hodi bila kukohoa kwanza. Alikwisha kustaafu, lakini weusi wa grisi haukumtoka vidoleni. Miaka ile ya hamsini alipanga jirani na kwetu, Pongwe, na mama akimpelekea vitumbua, sahani ilirudi na papai, au sabuni, au chumvi iliyofungwa gazetini. Mama ndiye aliyemfundisha kwamba sahani ya jirani hairudi tupu.

Wazungu wenzake wa Raskazone walimsihi ahamie Nairobi, kwenye hospitali kubwa na watu wa kwao. Mwishowe akakubali, akayapigilia makasha yake misumari. Asubuhi ya safari alikuja na sahani, imeoshwa, haina kitu.

“Leo tupu, Mama Asmahani. Nikitia kitu, nawe utatia, sitaondoka.”

Mama aliingia jikoni, akaijaza vitumbua vya moto, akamkabidhi.

“Haya, safari njema. Ila sahani yangu naitaka.”

Jioni tukasikia kikohozi, kisha hodi. Sahani ilikuwa imejaa misumari aliyoing'oa kwenye makasha.