Majani ya Mlonge Niliyoyaanika Juani

Siku yangu ya kwanza maabara, kule Chimwaga, tulikuwa wanne: Mkuu wa Maabara; muuguzi Stela; Mama Ndahani, mkulima wa mpunga kutoka Bahi, mwenye kidonda cha kisukari kwenye kidole cha mguu; na mimi, Yustina, niliyeajiriwa kuosha vyombo na kuandaa majani. Niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki. Wadogo zangu watatu walikula kwa kazi ile.

Tulitengeneza marhamu, dawa ya kupaka, kwa majani ya mlonge, tukitafiti kama inaponya vidonda. Niliyakausha, nikayasaga, nikayaloweka kwenye spiriti. Kilichochujwa kilichanganywa na nta ya nyuki. Niliambiwa niyaanike kivulini. Sababu sikuambiwa, nami sikuuliza.

Mwezi wa pili marhamu ilikaribia kwisha. Nikayatandaza majani juu ya bati, jua la saa saba, yakauke haraka, kama mama alivyokausha mboga ya mlenda. Jioni yalikuwa makavu. Nikajiona hodari.

Wiki mbili baadaye Stela alifungua bandeji ya Mama Ndahani, akakikagua kidonda.

"Kinarudi nyuma," alisema.

"Basi mlonge umeshindwa," Mkuu akasema. "Ijumaa nafunga utafiti."

Akatueleza kwamba kwenye majani mna antioksidanti, vitu vinavyokinga nyama changa ya kidonda isiharibike, na kwamba jua kali huvipunguza. Nikalikumbuka bati.

"We Yustina, mbona umenuna?" Mama Ndahani akanitania. "Mguu ni wangu, uso wa maumivu ni wako!"

Nilinyamaza siku nne, nikiwaza wadogo zangu. Alhamisi nikabisha mlango wa Mkuu.

"Shikamoo mzee. Majani niliyaanika juani."

"Rudia."

Nikarudia.

"Kwa nini?"

"Ndivyo tunavyokausha mlenda."

"Na umejua lini kuwa umekosea?"

"Jumapili."

"Siku nne za mguu wa mtu, Yustina." Akafungua kabati la marhamu. "Mwaga yote, uanze upya. Na mgonjwa utamwambia mwenyewe."

Nilimkuta Mama Ndahani wodini, kidole kimeshakatwa. Mkuu alisema huenda kingekatwa hata hivyo. Huenda. Mama Ndahani akanishika mkono: "Mwanangu, asante kwa kuja." Nikaondoka bila kumwambia.

Nilifanya kazi pale hadi nilipostaafu. Kila kijana aliyeletwa kwangu nilimweleza kwanza sababu ya kivuli, ndipo nikampa majani. Wadogo zangu wote walimaliza shule.

Kila mwaka Mama Ndahani hunitumia mfuko wa mlenda, mkavu, wa rangi ya kijani iliyopauka kwa jua. Naupika, naula. Agizo la Mkuu bado sijalitimiza.