Kwetu Kuna Kifafa

"Kwenu kuna mwenye kifafa?" nesi aliuliza, mwanangu mchanga amelegea mapajani mwangu baada ya degedege. Mama akaniwahi: "Hakuna." Uvumilivu uliniishia pale pale. Kanga ya mama ilinuka moshi wa kuni, kama siku ile jikoni.

Nilikuwa mdogo. Mama mdogo alianguka kando ya mafiga, povu likimtoka mdomoni, mkono ukaingia kwenye makaa. Nikakimbilia kumvuta, mama akanidaka. "Usimguse, povu linaambukiza. Ukiulizwa, sema uji ulimmwagikia." Tangu siku hiyo niliogopa hata sahani yake.

Nikamwambia nesi kwamba kifafa kwetu kipo, afute "Hakuna" kwenye kadi; akakataa. "Bibi ameshasema, dada."

Nikamwandikia mganga mfawidhi, mkuu wa kituo: "Nalalamika. Kadi ya mwanangu imejazwa kwa maneno ya bibi yake. Mtoto alipozaliwa hakulia, nalo halikuandikwa, na mama yangu mdogo ana kifafa. Naomba iandikwe upya."