Asembla ya Tatu ya Shufaa

Shufaa wa Mbalizi hakujua kutulia. Alikuwa fundi wa mashine za kutotolesha mayai, na mwaka huo alikuwa ameshabadilisha asembla mara moja, ile programu inayogeuza maagizo ya fundi yakaeleweka na chipu. Mumewe, Habibu, alimtania kwamba kama mkewe angechagua waume hivyo, yeye angekuwa ameshapewa talaka zamani.

Asembla ya zamani, aliyofundishwa chuoni, haikumwangusha hata siku moja. Ikamchosha kwa hilo hilo. Aliposoma mtandaoni kwamba ipo nyingine ya kisasa, roho haikukaa tena, na wakati huo mashine ya Mama Roza wa Ilula ilikuwa mezani. Kina mama wa jumuiya yake walishachangishana mayai trei kumi, kila mmoja kutoka kwa kuku wake, na mayai hayasubiri. Shufaa akaihamishia programu ya mashine hiyo kwenye asembla mpya asubuhi moja tu. Taa ya joto ikawaka, ikazima, akasema yatosha, akalipandisha boksi la mashine kwenye basi la Ilula.

Siku ya kumi na mbili tangu mayai yaingie mashineni, alikuwa ameanza kuitamani asembla ya tatu. Akaifungua programu ile aihamishe tena, na hapo ndipo alipoona kosa. Asembla ya zamani ilihesabu nafasi za kumbukumbu ya chipu mbili mbili, kwa hiyo kila anwani ya jedwali la joto, orodha ya viwango ambavyo mashine hufuata, aliizidisha kwa mbili. Mpya ilihesabu moja moja, na yeye alikuwa ameiacha ile mbili palepale. Mashine ilikuwa ikiokota joto mahali pasipo na jedwali.

Kabla hajajua aanzie wapi, simu ikaita. Ni Mama Roza.

"Mwanangu, mayai nimeyamulika na tochi. Yote meupe, hakuna hata mshipa wa kifaranga. Umeme ulikatika juzi, nadhani ndio umetuponza."

Mlango wa kuikwepa lawama ulikuwa wazi kabisa, na aliyeufungua ni mwenye mayai. Shufaa aliona aibu kwa jinsi alivyoutamani.

"Si umeme, mama. Ni mimi. Nilibadilisha kitu, sikukipima."

"Mimi siwezi kuwaambia kina mama hayo. Jumapili tunakutana. Njoo uwaambie mwenyewe."

"Nitakuja, mama," Shufaa alisema, na akaketi kuisahihisha ile mbili, asembla ya tatu akaiacha.