Ombi la Mtani

Mama mkwe wangu, Wassa Fane, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na bado alitushinda sote kwa kufinyanga. Mikono yake iliujua udongo. Shida ilikuwa moto. Kila Jumamosi, siku ya kuchoma, tunapanga vyungu chini karibu na mto, tunavifunika kwa kuni na nyasi, kisha tunavitoa kwa fito ndefu vikiwa vyekundu. Jumamosi moja mama alikanyaga makaa, kitenge chake kikashika moto mbele ya wageni waliovuka mto kutoka mjini Segu kuja kutuangalia. Wakampiga picha! Nilitamani kuwarushia matope.

Tangu hapo Sali, mke wa mwanawe wa kwanza, alitaka mama aache kuchoma. Alikuwa na hofu, hakuwa na ubaya. Lakini kwetu chungu ni cha aliyekitoa motoni. Mama angeendelea kufinyanga, Sali angevitoa yeye, na kazi yote ya mama ingeitwa ya Sali.

Kumwambia, nani athubutu? Sali akamtuma Penda Sangare, mwanamke wa Kifulani anayetuuzia maziwa. Wafulani na sisi, jamii ya wahunzi na wafinyanzi, ni watani tangu enzi za mababu, na ombi la mtani halikataliwi hata likuume vipi.

Penda akaja asubuhi ya Jumamosi iliyofuata, kibuyu kichwani.

"Hodi kwa watumwa wangu!"

"Karibu, mchunga mbuzi," mama akajibu. "Leo maziwa umeyatia maji kiasi gani?"

"Kidogo tu. Nyie wala masizi mtajuaje ladha?"

Akakaa, akanyamaza. Penda hana kawaida ya kunyamaza, na mama akashtukia jambo.

"Wassa, nina ombi."

"Langu kwanza. Mimi mkubwa wako."

"Mkubwa wangu? Babu yako tulimnunua kwa mtindi!"

"Basi mwenye mali anisikilize. Leo simama nami motoni, uwe macho yangu."

Sali, aliyekuwa akipanga kuni karibu, akaacha kazi. Penda moto anauogopa kuliko nyoka.

"Motoni? Mimi?"

"Umekataa?"

"Nani kakataa? Mwendawazimu wewe!"

Moto ulipokolea, Penda alimshika mama kitenge kwa nyuma.

"Rangi gani?" mama akauliza.

"Nyekundu."

"Nyekundu ya nini?"

"Ya pilipili."

"Bado."

"Sasa ya papai bivu! Wassa, nyusi zangu!"

"Achana na nyusi. Chungu kiko wapi?"

"Kulia. Mbele kidogo. Usikanyage hapo, mtumwa wangu, hapo!"

Mama akakinyanyua kwa ufito, akakitumbukiza kwenye maji ya magome ya miti, yanayotia weusi. Maji yakachemka, chungu kikatoka cheusi tii. Kilipopoa akakigonga kwa kidole, kikalia safi. Mimi nililia kwa furaha, wala sikujificha.

Alitoa vyungu vyake vyote mwenyewe. Kisha akaketi, akajifuta jasho, na uso wake ukabadilika.

"Haya, Penda. Ombi lako. Najua umetumwa."

Sali aliinamisha kichwa. Penda alimtazama yeye, akamtazama mama, akajipangusa majivu shavuni.

"Nataka chungu cha maziwa. Kikubwa."

"Chukua hicho."

"Hicho kina mdomo mbaya kama wako. Nataka cha Jumamosi ijayo, na ukitoe motoni wewe mwenyewe."