Walisema Tunapika Mbwa

Mume wangu alijifunza kupika kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara. Kazi ilipoisha alirudi Mbinga mjini na karai lake, tukapanga chumba karibu na soko, tukaandika mlangoni: Chakula cha Kichina, Bei Nafuu, Kula Hapa au Beba. Mwanzoni watu walijaa. Walimu walichukua tambi na nyama ya nguruwe, kitimoto, wauza nguo wakachukua wali wa kukaanga.

Kisha mbwa wa jirani akapotea.

Sijui nani alianza kusema. Nilichoona ni watu kupita mlangoni wakichungulia na kucheka. Mwuza nyanya aliyekuwa akinunua kwetu kila mchana aliniuliza, "Dada, ile nyama laini ile, mnaitoa wapi?"

"Kwa mchinjaji yuleyule unakonunua wewe."

"Haya," akasema, na hakununua tena.

Nikamsihi mume wangu aseme kitu. Alikuwa anakatakata karoti. "Niseme nini? Niwaambie sipiki mbwa? Si ndiyo watazidi kuamini?" Niliumia, kwa sababu alisema kweli, na tambi tulizochemsha tulikuwa tukizila wenyewe hadi watoto wakaanza kuzikimbia.

Zamu yetu ya kupokea jumuiya ya kanisa nyumbani ilipofika, nikaamua kupika hivyohivyo. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Mkumbi, mwanamke wa kahawa na mahindi ambaye siku zote aliziita tambi minyoo. Baada ya sala nikagawa sahani. Wote wakashukuru. Hakuna aliyegusa. Mwenyekiti wa jumuiya, mama wa makamo ninayemheshimu, aliweka sahani yake chini ya kiti na kufunika kwa leso.

"Mama, hamli?" nikauliza.

"Tumeshiba, mwanangu."

Wameshiba wapi, saa saba mchana? Nilitaka kuwafukuza wote. Mama mkwe akainuka, akachukua sahani kubwa kuliko zote, akaketi katikati yao, akaanza kula kwa mkono. Tambi zilimning'inia kidevuni. Alikunja uso, akameza, akachukua nyama, akatafuna taratibu huku akimtazama mwenyekiti.

"Hii ni nguruwe," akasema. "Nimefuga nguruwe tangu sijaolewa. Mnadhani simjui?"

Mwenyekiti akatoa sahani chini ya kiti. Mmoja mmoja wakaonja, macho chini, kama watoto waliokemewa.

Walipoondoka nikamshukuru mama mkwe kwa magoti. Akaniinua. "Mkwe wangu, usinishukuru. Chakula chenyewe kibaya. Mwambie mwanangu aache kutia sukari kwenye nyama."

Wateja walirudi, sikatai. Lakini walirudi na masharti. Huyu anataka ugali pembeni, yule anataka kitimoto bila ile sosi nyeusi, na wengi wanataka chipsi mayai. Mume wangu aligoma kwa muda, halafu akanunua viazi. Sasa anavikaanga kwenye karai lake la Kichina, mgongo ameugeuzia wateja. Juzi mtu alimsifu kwamba hakuna Mbinga nzima anayekaanga chipsi kama yeye. Akaweka upawa chini, akatoka nje, nikamalizia mimi kufunga chakula cha yule mteja.