Kitanda Juu ya Injini

Gari letu lilikuwa na kitanda kwa nyuma, juu ya injini. Lilitoka Ulaya likiwa limekwisha kuzeeka, na mapazia madogo na mahali pa kuchemshia chai. Mume wangu alilinunua kwa biashara ya vitunguu, na safarini tulilala humo. Vita ilipotutoa Kibati, tuliliegesha Mugunga, pembeni ya hema za watu, likawa nyumba. Juu ya kitanda hicho ndipo alipofia, kwa homa, akiwa amelalia upande wa dirisha.

Injini ilikufa kabla yake. Ilichemka ikakauka siku ile ile ya kukimbia, na gari likamalizia safari likivutwa kwa kamba na lori la makaa.

Mama mkwe wangu hawezi kutembea. Kule Kibati, mwanawe ndiye aliyembeba mgongoni mpaka ndani ya gari. Sasa mwanawe hayupo, na habari za vita zilizotoka Masisi zilikuwa mbaya. Nilijua watu wakianza kukimbia tena mimi sitaweza kumbeba, wala sitaweza kumwacha. Kwa hiyo nikaenda mjini Goma kutafuta injini nyingine, pamoja na fundi aliyekuwa rafiki wa mume wangu.

Pale wanapouza injini kuukuu, zinakaa juu ya matairi, nje, mvua inazipiga. Muuzaji alituonyesha moja ya esansi, yaani petroli, ndugu kabisa ya ile iliyokufa.

"Hii haipigi kelele, mama," akasema. "Inanong'ona tu, kama mutu kwenye maungamo."

Mume wangu alikuwa na desturi. Kabla injini haijawashwa, aliweka kiganja juu yake. Alisema injini ya kuuzwa lazima uikute baridi. Ukiikuta na joto, mwenyewe ameiwasha kabla hujafika, ili mbele yako iwake upesi na moshi wake usionekane. Nikaweka kiganja changu. Ilikuwa na joto.

"Papa, mbona wenzake wana baridi?" nikamwuliza muuzaji.

"Ni jua, mama."

Fundi akainua uso, matone yakamwangukia kwenye paji.

"Jua ya Goma leo iko kali," akasema.

Tukasogea kwenye nyingine, ya mazutu, yaani dizeli, iliyotolewa kwenye gari la mizigo. Nilipoigusa ilikuwa baridi kama mume wangu asubuhi ile. Nikaondoa mkono, kisha nikaurudisha. Waliiunganisha na betri. Ikakohoa, ikazima, ikatoa moshi mweupe, halafu ikashika na haikuachia.

"Ya mazutu iko kama mama mukwe," fundi akasema. "Kelele nyingi, lakini haikuachi njiani." Kisha akainama, akaipima kwa mkono wake. "Shida ni urefu. Haitaingia chini ya kitanda. Itabidi tukate kitanda."

Nilimwuliza kama kuna njia nyingine. Akasema hakuna.

Kwetu, kitu cha marehemu hakibadilishwi mpaka familia ikae pamoja kumaliza kilio. Ndugu za mume wangu walikuwa Butembo na barabara ilikuwa imefungwa. Wa kuuliza alibaki mmoja tu.

Nilimkuta mama mkwe mlangoni pa gari, anachagua maharage. Nilimweleza yote, na habari ya kukata. Vidole vyake viliendelea kuchagua.

"Hakuna yenye kuingia chini yake?"

"Iko, mama. Lakini niliikuta na moto."

Akaacha maharage. Desturi ya mwanawe aliijua kabla yangu.

"Basi mwanangu amekwisha kuikataa," akasema. "Mukate."

Fundi alipokuja na msumeno, mama aliomba tumgeuzie kiti, atazame barabara. Mimi nilishikilia mbao ili zisipasuke. Zilipasuka hata hivyo. Kuni hazikupatikana siku hizo, na ni mbao hizo zilizopika maharage. Kisha fundi akaifunga injini ya mazutu, akaifunika kwa bati pale palipokuwa kitanda.

Halafu watu wakaanza kutokea upande wa Sake, magodoro kichwani. Majirani walinisaidia kumwingiza mama ndani, nikamkalisha kati ya mifuko, pembeni ya kifuniko cha injini. Niliwasha mwenyewe, kama nilivyofundishwa na mume wangu wakati wa vitunguu. Moshi mweupe, kikohozi, kisha ikashika.

"Huyu ndiye mama mukwe wako wa pili?" mama akauliza kwa sauti, ili nimsikie. Fundi alikuwa amemsimulia. "Ananishinda kelele."

Haikutuacha njiani. Tulifika mjini, mama mzima, miguu yake imevimba kwa kukaa. Nikazunguka nyuma nikafungua mlango, nimtandikie alale kidogo, kama nilivyozoea. Mkono wangu ulikwenda wenyewe upande wa dirisha, ukagusa chuma cha moto.