Kuzunguka Kibanja cha Mama

Mimi ni mtu wa kushuku, na tabia hiyo nimeirithi kwa mama. Nilipoanza kujifunza urubani pale Bukoba, kitu cha kwanza kukishuku kilikuwa skrini. Ndege yenyewe ni ya viti viwili, lakini ina skrini mbili pana zinazokuonyesha mwendo, kimo, ramani inayosogea pamoja nawe, hata vilima vya mbele vikigeuka vyekundu ukivikaribia. Mwalimu wangu akawa hachoki kuniambia, "Acha kuikodolea. Angalia nje." Nikamshuku na yeye. Kama haitakiwi kuangaliwa, imewekwa ya nini?

Mama naye, kule Muleba, alimshuku baba mdogo. Tangu baba afariki alikuwa akisema shemeji yake ameisogeza milamula, ile mimea tunayopanda kuonyesha mipaka ya vibanja, na kumega mstari mmoja wa mibuni yake. Ukoo haukumsikiliza. Mjane akidai ardhi huitwa mgomvi, na hilo liliniuma kuliko mibuni yenyewe.

"Wewe unayeruka," akaniambia, "nenda ukaniangalizie."

Bahati nzuri zoezi lililofuata lilikuwa kuzunguka alama moja ya chini bila kuisogelea wala kuiacha. Mwalimu aliniachia nichague alama, nikachagua bati la nyumba yetu. Upepo wa ziwa ukitusukuma kutoka nyuma nalaza bawa zaidi, ukitujia usoni napunguza kulilaza. Tulizunguka mpaka shingo ikauma. Niliona bati, moshi wa jikoni, na mama akipunga kanga. Mpaka sikuuona. Ukiwa juu, migomba ya mama na ya baba mdogo ni majani yale yale.

Jumapili nikaenda nyumbani. Sijamaliza hata chai, baba mdogo huyo, na sato mkubwa mkononi. Mtu ambaye hajawahi kutuletea hata dagaa!

"Mwanangu, ile ndege ina ramani?"

"Inayo, baba."

"Inaonyesha vibanja?"

"Hapana. Niliona migomba tu."

Akacheka bila kufurahi. "Waitu! Mtu azunguke kote kule kuangalia migomba?"

Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunitazama kwa jicho la pembeni. Aliondoka bila kuaga vizuri, na mama akakataa kumpika yule sato.

Kesho yake asubuhi baba mdogo alirudi na jembe, pamoja na wazee wawili wa ukoo, akasema amekumbuka mpaka ulipokuwa. Mama akaenda kusimama kwenye mstari wake wa mibuni, ule aliokuwa akiudai, tayari kushukuru. Baba mdogo akaupita. Akaupita na wa pili. Alianza kuchimba shimo la mlamula baada ya mstari wa tatu, karibu kabisa na choo chake. Wazee walitazama chini.

Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Mama aliitazama ile mibuni, mti baada ya mti, kisha akakaa chini palepale.

"Kumbe miaka yote hii," akasema, "nilikuwa namdhania mema."